Leonhard Euler na Namba Iliyodhaniwa Kuwa Tasa

Siku moja, tulipokuwa tukifundisha namba tasa katika darasa moja la Makole, mjini Dodoma, tuliandika 91 ubaoni miongoni mwa namba hizo. Mwanafunzi mmoja alinyoosha mkono, akadai kuwa 7 huigawanya bila baki. Tulimwamuru aketi. Baada ya kipindi tulizidisha 7 kwa 13, tukaona haya. Tangu hapo sisi huwasimulia wanachuo maisha ya Leonhard Euler, jina ambalo hutamkwa Oila.

Euler alizaliwa Basel, Uswisi, tarehe 15 Aprili 1707. Baba yake, mchungaji wa kanisa, alitaka mwanawe naye awe mchungaji. Lakini Johann Bernoulli, bingwa wa hisabati, alikitambua kipaji cha kijana huyo, akamshawishi baba amwache afuate hisabati. Mwaka 1727 Euler alikwenda Urusi, akajiunga na Akademia ya Sayansi ya St. Petersburg.

Katika karne iliyotangulia, Mfaransa Pierre de Fermat alikuwa ameziunda namba kwa utaratibu ufuatao. Anza na 2, uizidishe kwa yenyewe upate 4. Fanya vivyo hivyo upate 16, 256, kisha 65,536. Kila moja uiongezee 1. Hupatikana 3, 5, 17, 257 na 65,537, na zote tano ni tasa. Fermat akaamini kuwa zinazofuata nazo ni tasa. Ya sita ni 4,294,967,297. Kuihakiki kwa kuigawanya kwa namba tasa moja baada ya nyingine kungedai migawanyo zaidi ya 6,500.

Mwaka 1729 Christian Goldbach alimwandikia Euler kuhusu dai hilo. Mwaka 1732 Euler, akiwa bado kijana, alionyesha kuwa namba hiyo ni zao la 641 na 6,700,417. Baadaye alithibitisha kuwa kila kigawo tasa cha namba hiyo hubakiza 1 kikigawanywa kwa 64. Kwa hiyo zinazostahili kujaribiwa ni 193, 257, 449, 577, kisha 641. Jaribio la tano linatosha! Fermat hakuvunjiwa heshima. Dai lake tu ndilo lililosahihishwa.

Mnamo 1738 jicho la kulia la Euler liliharibika. Hata hivyo, mwaka huo huo kilitoka kitabu chake cha hesabu kwa ajili ya shule ya Akademia. Alifanya kazi Berlin kuanzia 1741 hadi 1766, kisha akarudi St. Petersburg, ambako alipofuka karibu kabisa. Hakuacha kazi, alikokotoa kichwani, na wanawe na wasaidizi wakaandika. Kufikia 1772 alikuwa amethibitisha kuwa 2,147,483,647 ni tasa. Alifariki tarehe 18 Septemba 1783.

Mwalimu mwanafunzi, wape watoto wa darasa la sita au la saba kazi ya kuzidisha 6,700,417 kwa 641, wakigawana hatua kwa vikundi, ndipo uwasimulie habari hii. Na mtoto akilitilia shaka jibu lako, mwite ubaoni alihakiki mbele ya wenzake. Katika kipindi kilichofuata, sisi tulimwita yule wa 91, akaifuta kwa mkono wake.