Frantz Fanon, munganga aliyeamini maumivu yasiyoonekana

Huku kwetu Frantz Fanon anajulikana zaidi kwa mambo ya siasa. Yeye na Patrice Lumumba walikuwa wote Accra katika mkutano wa mwezi wa kumi na mbili 1958. Lakini kazi yake ilikuwa munganga wa magonjwa ya akili, na alianza kwa kutetea watu wenye maumivu yasiyoisha.

Alizaliwa tarehe 20/07/1925 Fort-de-France, kisiwa cha Martinique. Kijana bado, alipigania Ufaransa katika vita ya pili ya dunia, akajeruhiwa. Kisha akasomea uganga Lyon. Pale aliona wafanyakazi wa Afrika ya Kaskazini wakija kutibiwa: leo tumbo, kesho kichwa, kesho kutwa mwili mzima. Wanapimwa, hakuna kidonda. Waganga wengi walisema ni wavivu, wanatafuta tu kupumzika.

Fanon alikataa. Mwezi wa pili 1952, katika gazeti Esprit, aliandika kwamba munganga anamhukumu mgonjwa mbele ya kumpima. Alitaka mgonjwa aulizwe: jamaa yake iko wapi? Anafanya kazi gani? Anaogopa nini? Maumivu bila kidonda, kwake, yalibaki maumivu.

Mwisho wa 1953 alipewa kazi katika hospitali ya Blida, Algeria. Alifungua wagonjwa waliofungwa, akawapa kazi na michezo. Kwa wanaume Waislamu, mbinu za Ufaransa zilikwama. Njo akafungua mkahawa kama ule wa kwao, na sikukuu zao zikaheshimiwa.

Vita ya uhuru ilianza 1954. Alitibu walioteswa, na pia waliowatesa. Mwisho wa 1956 aliacha kazi ile, akafukuzwa nchini, akaendelea na uganga Tunis. Katika kitabu chake cha mwisho, cha 1961, alieleza wagonjwa wa vidonda vya tumbo, wasiopata usingizi, na wale ambao misuli yao ilikakamaa. Kwake hawakuwa waongo: vita ilikuwa imeingia mwilini.

Alifariki tarehe 06/12/1961 huko Marekani kwa kansa ya damu, akiwa na miaka 36. Alizikwa Algeria.

Huku mashariki, mtu aliyekimbia vita anaweza kulalamikia mgongo kila mwezi, na vipimo vinarudi bila kitu. Fanon angepima mwili vizuri kwanza. Halafu, badala ya kumrudisha nyumbani, angemkalisha na kumuuliza alipitia wapi.