Ibn al-Shatir, Mshika Nyakati wa Damascus

Ndugu zetu, miongoni mwa wanavyuoni wastahilio kukumbukwa na kila asikiaye adhana ni Alauddin Ali bin Ibrahim, ajulikanaye kwa jina la Ibn al-Shatir. Alizaliwa Damascus, katika nchi ya Sham, mwaka 704 wa Hijra (1304). Baba yake alifariki naye ni mtoto wa miaka sita, akalelewa na babu yake na kufunzwa kazi ya kutia nakshi za pembe. Kisha alisafiri hata Kairo na Aleksandria kutafuta elimu ya falaki, akarejea kwao na kuwa mkuu wa washika nyakati katika Msikiti wa Banu Umayya.

Mwenye kazi hiyo hana budi kujua mahali pa jua kwa vipimo viwili. Cha kwanza ni irtifaa, yaani jua limepanda daraja ngapi kutoka ukingo wa mbingu. Cha pili ni samti, yaani liko upande gani wa ukingo huo. Kwa irtifaa hujulikana urefu wa kivuli na wakati wa alasiri. Kwa samti huongozwa mtu kuelekea kibla. Na kwa neno hilo la Kiarabu Wazungu hukiita kipimo hicho hata leo.

Ibn al-Shatir hakutosheka na hesabu alizozikuta vitabuni. Yapata mwaka 1365 alipima mwenyewe, akaona kwamba Damascus iko daraja 33 na nusu kaskazini ya ikweta, na kwamba mwinamo wa njia ya jua ni daraja 23 na dakika 31. Kwa hesabu hiyo, jua la adhuhuri mjini humo hupanda kiasi cha daraja 80 siku iliyo ndefu kuliko zote, na daraja 33 tu siku iliyo fupi.

Mwaka 773 (1371) alitengeneza saa ya jua ya marumaru kwa mnara wa msikiti, urefu wake kama mita mbili na upana kama mita moja. Ncha yake ya kutia kivuli aliilaza sambamba na mhimili wa mbingu, yaani kwa mwinamo wa daraja 33 na nusu. Karne ya 19 jiwe hilo lilivunjika, likachongwa jingine kwa mfano wake.

Alifariki mwaka 777 (1375), Mwenyezi Mungu amrehemu. Leo watu wategao vibao vya kuvuta nguvu za jua huuliza maswali yale yale: jua liko juu kiasi gani, na upande gani? Kibao kilichotegwa Damascus kuelekea kusini kwa mwinamo wa daraja 33 na nusu hulikabili jua la adhuhuri sawasawa siku ambayo usiku na mchana hulingana. Na mwinamo huo ndio ule wa ncha ya Ibn al-Shatir.

Basi wale wadhanio kwamba hesabu ni jambo la dunia tu, lisilo na haja kwa mtu wa dini, na wamtazame yatima huyu. Ibada ndiyo iliyompeleka kwenye vipimo, na uaminifu ndio uliomzuia kufuata bila kuhakikisha.