Wengi wape, lakini ni wengi wepi?

Katika lugha yetu neno upendeleo lina nyuso mbili. Limetokana na kitenzi penda kwa njia ya pendelea, na maana yake ya kwanza haina lawama yoyote: mtu hupendelea uji kuliko chai, na kijiji hupendelea bwawa kuliko daraja. Maana ya pili ndiyo inayotuudhi, yaani kumpa ndugu yako kilicho haki ya mwingine. Huwaambia wanafunzi wangu wa isimu kwamba neno moja likibeba maana mbili si lazima iwe ni upungufu wa lugha. Mara nyingine wenye lugha wameona mambo mawili yakiishi nyumba moja. Katika kuchagua miradi ya umma, mpaka kati ya upendeleo wa kwanza na ule wa pili ni mwembamba mno, na mmoja wa watu wa kwanza kuutafuta kwa hesabu alikuwa Mfaransa aitwaye Condorcet. Maisha yake yanastahili kujulikana na kila mwananchi anayeketi katika kikao cha kugawa fedha za maendeleo.

Alizaliwa tarehe 17 Septemba 1743 huko Ribemont, mji mdogo wa jimbo la Picardy, kaskazini mwa Ufaransa. Baba yake, afisa wa askari wa farasi, aliaga dunia mtoto akiwa na umri wa wiki chache tu. Mama, mcha Mungu wa kupindukia, alimweka mwanawe chini ya ulinzi wa Bikira Maria na kumvisha mavazi meupe ya kike hadi alipotimiza miaka minane hivi. Alisomeshwa na Wajesuti mjini Reims, kisha akaenda Paris ambako kipawa chake cha hesabu kilidhihirika. Mwaka 1769, akiwa na umri wa miaka 25, alipokewa katika Akademia ya Sayansi, na mwaka 1776 akawa katibu wake wa kudumu.

Laiti angebakia katika vitabu, pengine angezeeka salama. Lakini mwaka 1774 rafiki yake Turgot aliteuliwa kuwa waziri wa fedha wa Mfalme Louis wa Kumi na Sita, na Turgot aliamini kwamba mambo ya serikali yanaweza kupimwa kama mengineyo. Alimfanya Condorcet mkaguzi mkuu wa kiwanda cha sarafu. Aidha, yeye pamoja na wanahesabu wenzake d'Alembert na Bossut walitakiwa kuichunguza mifereji ya kupitishia mashua, ukiwamo ule wa Picardy uliokusudiwa kupenya chini ya ardhi. Mwaka 1775 walivuta vielelezo vya mashua katika bwawa la chuo cha kijeshi mjini Paris, ili wajue maji huipinga mashua kwa kiasi gani katika njia pana na katika njia nyembamba.

Hapo ndipo ninapoona chanzo cha fumbo lake. Ukinzani wa maji hupimika, na mawe na vibarua vina bei. Lakini ni kipimo gani kitakachosema kama faida ya mfanyabiashara wa nafaka ina uzito kuliko jasho la mkulima anayelipa kodi? Turgot alifutwa kazi mwaka 1776, na mfereji wa Saint-Quentin haukufunguliwa hadi mwaka 1810, wakati wa Napoleon. Swali la mizani halikuondoka na waziri.

Mwaka 1785 Condorcet alichapisha kitabu kikubwa juu ya namna maamuzi ya walio wengi yanavyoweza kuaminiwa. Kina mambo mawili ambayo Mswahili angeyatambua mara moja. Sisi husema penye wengi hapaharibiki neno, na papo hapo twasema penye wengi pana mengi. Condorcet alionyesha lini methali ya kwanza ni ya kweli: kila mpiga kura akiwa na uwezekano wa kupatia unaozidi ule wa kukosea, na kila mmoja akiamua kwa akili yake, basi kadiri wanavyoongezeka ndivyo uamuzi wa walio wengi unavyozidi kuaminika. Lakini uwezekano wa kukosea ukizidi, wingi huongeza kosa. Elimu ya mwananchi, kwa hiyo, si pambo la demokrasia bali ndiyo inayoupa wingi thamani.

Jambo la pili ni zito zaidi. Tuchukue mfano wangu mwenyewe, wa wadi yenye fedha za mradi mmoja tu na wakazi 100 waliokuja kikaoni kutoka vijiji vitatu. Watu 35 wa kijiji cha kwanza wanataka bwawa, kisha zahanati, na mwisho daraja. Watu 33 wa kijiji cha pili wanataka zahanati, kisha daraja, na mwisho bwawa. Watu 32 wa kijiji cha tatu wanataka daraja, kisha bwawa, na mwisho zahanati. Tulinganishe miradi miwili miwili. Bwawa linaishinda zahanati kwa kura 67 dhidi ya 33. Zahanati inalishinda daraja kwa 68 dhidi ya 32. Basi mtu angetaraji bwawa lilishinde daraja. La hasha! Daraja linalishinda bwawa kwa 65 dhidi ya 35. Kila mwananchi ana msimamo ulionyooka, lakini umma wote pamoja unazunguka kama ng'ombe wa kinu.

Sasa mwangalie mwenyekiti. Akianza kwa kushindanisha bwawa na zahanati, halafu mshindi akabiliane na daraja, daraja ndilo litakalojengwa. Akianza na zahanati na daraja, litajengwa bwawa. Akianza na daraja na bwawa, itajengwa zahanati. Hakuiba kura hata moja, na huenda hakumdanganya yeyote. Amepanga ajenda tu. Wengi wape, twasema. Lakini ni wengi wepi, ikiwa kila mradi una wengi wake wanaoukataa?

Mwenzake katika Akademia, Borda, aliyekuwa afisa wa jeshi la majini, alikuwa na dawa nyingine: kila mtu apange miradi kwa daraja, na kila daraja lipewe alama. Njia hii ndiyo babu wa jedwali za alama tunazozikuta katika tathmini za leo. Chaguo la kwanza likipata alama 2, la pili 1 na la mwisho sufuri, bwawa linapata 102, zahanati 101 na daraja 97. Bwawa limeshinda. Lakini afisa mmoja akiamua kwamba chaguo la kwanza lipate 4, la pili 3 na la mwisho sufuri, zahanati inapata 237, bwawa 236 na daraja 227. Hakuna mwananchi aliyebadili nia. Kilichobadilika ni uzito aliouweka mtu mmoja ofisini, na hapo ndipo upendeleo wa aina ya pili unapoweza kujificha ndani ya hesabu za upendeleo wa aina ya kwanza. Condorcet hakuridhika na alama. Alitaka kila jambo lilinganishwe na kila jingine, na mduara ukitokea, uvunjwe pale ambapo wingi ni mdogo kuliko kwingineko. Katika mfano wetu pengo dogo ni lile la daraja dhidi ya bwawa; likiwekwa kando, bwawa linatangulia.

Wanaume hao wawili waliotofautiana kuhusu kura walikaa meza moja mwaka 1791, katika tume ya Akademia iliyochagua msingi wa mita. Walikuwa na chaguo la urefu wa timazi linalopiga sekunde moja, na chaguo la kuipima dunia yenyewe. Walichagua sehemu moja ya milioni kumi ya umbali kutoka ncha ya kaskazini hadi ikweta, wakieleza sababu zao hadharani, ili kipimo kisiwe mali ya taifa lolote. Kila fundi cherehani wa Gikomba anayenyoosha utepe wake leo anaurithi uamuzi huo.

Hata hivyo, Condorcet alijua kwamba mizani iliyo sawa haifai kitu ikiwa baadhi ya watu hawamo ndani yake. Mwaka 1781, kwa jina la kubuni, aliandika dhidi ya utumwa wa watu weusi. Mwaka 1790 alidai wanawake wapewe haki za uraia, jambo lililowachekesha wengi wa wakati wake. Mkewe Sophie de Grouchy, aliyemwoa mwaka 1786, alikuwa msomi kwa haki yake mwenyewe. Mwaka 1792 aliwasilisha bungeni mpango wa elimu ya umma kwa wavulana na wasichana.

Mapinduzi aliyoyapenda ndiyo yaliyommaliza. Alikataa kupiga kura ya kumuua mfalme. Rasimu ya katiba aliyoiwasilisha Februari 1793 iliwekwa kando, na alipoikosoa ile iliyochukua nafasi yake, amri ya kumkamata ilitolewa Julai. Kwa muda wa miezi minane na zaidi alifichwa mjini Paris na mjane aitwaye Bi Vernet, na humo mafichoni, kifo kikiwa mlangoni, akaandika kitabu juu ya maendeleo ya akili ya binadamu. Machi 1794 aliondoka asije akamponza mwenyeji wake. Alikamatwa baada ya siku mbili, na muda mfupi baadaye akakutwa amekufa katika gereza la Bourg-la-Reine. Hadi leo haijulikani kama ni sumu au ni uchovu. Mwaka 1989 Ufaransa ilimpa heshima ya Panthéon, lakini jeneza lilikuwa tupu, kwani mabaki yake yalikwisha potea.

Huku kwetu Katiba ya mwaka 2010 imeufanya ushirikishaji wa umma kuwa sharti, na sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 inataka zabuni zitathminiwe kwa vigezo vilivyotajwa katika hati za zabuni zenyewe. Kanuni hiyo ni ya busara, nayo ingefaa kuvuka kutoka kwa zabuni hadi kwa uteuzi wa miradi. Alama zitangazwe kabla ya matakwa kukusanywa, si baada. Utaratibu wa kulinganisha ujulikane kabla ya kikao kufunguliwa. Kisha iulizwe ni nani hakuja, kwa maana mama aliyebaki kisimani akisubiri zamu yake huenda ndiye anayelihitaji bwawa kuliko wote.

Wapo watakaosema kwamba haya yote tuwaachie wataalamu. Nawaheshimu wataalamu, na mhandisi ndiye atakayetuambia daraja litabeba tani ngapi. Lakini hakuna mhandisi wala mwanauchumi anayeweza kutuambia, kwa utaalamu wake pekee, kwamba afya ina uzito mara mbili ya barabara. Hilo ni pendeleo, na mwenye haki ya kulitamka ni umma.

Neno letu kura limetoka katika Kiarabu, nalo asili yake ni kura ya bahati, ile inayotupwa ili Mungu aamue. Tusipojua ni nani aliyepanga alama na ajenda, tutakuwa bado tunapiga kura kwa maana ile ya kale, isipokuwa kwamba safari hii anayeamua si Mungu.