Bill Walsh: Mkufunzi aliyekataa kumtupa mdondoshaji pasi

MASHABIKI wa San Francisco 49ers walikuwa na kila sababu ya kunung'unika mwishoni mwa mwaka wa 1985. Timu yao, iliyokuwa imetawazwa bingwa wa Marekani Januari mwaka huo, ilikuwa imempigania kijana kutoka chuo kidogo cha Mississippi Valley State, naye alipoingia uwanjani akaanza kudondosha pasi zilizomfikia mikononi. Uwanja wa Candlestick Park ulimzomea. Aliyetakiwa kuamua hatima yake ni mkufunzi Bill Walsh, na uamuzi wake ungali funzo kwa yeyote aliyekabidhiwa vijana awanoe.

Walsh alizaliwa mjini Los Angeles mnamo Novemba 30, 1931. Alisomea Chuo Kikuu cha San Jose State, akafunza timu ya shule ya upili mjini Fremont, kisha akawa msaidizi katika vyuo vikuu vya California na Stanford. Mnamo 1968 alijiunga na timu mpya ya Cincinnati Bengals, iliyoongozwa na mkufunzi mkongwe Paul Brown.

Kandanda ya Marekani, kwa msomaji asiyeifahamu, huchezwa kwa mpira wenye ncha mbili. Mrushaji husimama nyuma ya walinzi wake akiwatafuta wapokeaji wanaokimbia mbele. Mpokeaji akiudaka mpira, timu husonga. Akiudondosha, timu huwa imepoteza moja kati ya nafasi nne inazopewa ili kusonga yadi 10. Ndiyo maana mdondoshaji hasamehewi upesi.

Huko Cincinnati, mrushaji hodari Greg Cook aliumia bega, na nafasi yake ikachukuliwa na Virgil Carter mwaka wa 1970. Carter hakuwa na nguvu za kurusha mbali. Walsh hakumlaumu kwa asichojaliwa, bali alibuni mfumo wa pasi fupi na za haraka uliomfaa. Katika mfumo huo, mpira huweza kurushwa kabla mpokeaji hajageuka kuutazama. Hatua zake zote huhesabiwa, na akichelewa kidogo tu, mpira humpita au humgonga kifuani ukaanguka.

Brown alipostaafu kama mkufunzi mnamo 1976, wengi walidhani Walsh ndiye angerithi kiti. Alipewa mwingine. Jeraha hilo halikumtoka upesi. Alihamia San Diego Chargers kwa msimu mmoja, akaiongoza Stanford kwa misimu miwili, na mwaka wa 1979 akakabidhiwa 49ers, timu iliyokuwa imeshinda mechi mbili pekee na kupoteza 14 msimu uliotangulia. Matokeo ya msimu wake wa kwanza yalikuwa yale yale: ushindi mara mbili, kichapo mara 14. Mwaka uliofuata alishinda sita na kupoteza 10.

Mmiliki mwenye papara angalimfuta kazi. Edward DeBartolo hakumfuta. Januari 10, 1982, mpokeaji Dwight Clark aliruka akaudaka mpira uliorushwa na Joe Montana, nao Dallas Cowboys wakalazwa 28-27. Wiki mbili baadaye, 49ers waliwanyuka Bengals, waajiri wa zamani wa Walsh, 26-21 na kutwaa ubingwa. Basi Walsh alijua kutokana na maisha yake mwenyewe thamani ya kupewa muda.

Jerry Rice alikuwa mwana wa mwashi kutoka Mississippi, aliyezoea kudaka matofali aliyorushiwa na nduguze. Walsh alimwona kwa mara ya kwanza kwenye televisheni akiwa hotelini mjini Houston mwaka wa 1984. Mwaka uliofuata alibadilishana nafasi za usajili na New England Patriots ili amnyakue, naye akawa wa 16 kuchaguliwa.

Mikono ya Rice haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa kwamba kijana huyo alikuwa akijifunza mfumo mgumu huku akitamani kukimbia kabla mpira haujatulia mikononi. Walsh hakumsugulisha benchi hadi msimu uishe, wala hakumtwika mzigo wote peke yake. Alimwingiza uwanjani pamoja na wakongwe Clark na Freddie Solomon, na pasi zikaendelea kuelekezwa kwake. Desemba 9, 1985, dhidi ya Los Angeles Rams, Rice alidaka pasi 10 za jumla ya yadi 241. Timu ilishindwa 27-20, lakini swali la iwapo kijana huyo aliifaa ligi lilikuwa limejibiwa.

Haikuwa mara yake ya mwisho kuteleza. Januari 4, 1987, katika mechi ya mchujo dhidi ya New York Giants, Rice alikuwa akikimbia peke yake kuelekea kufunga, mpira ukamponyoka bila ya kuguswa na yeyote. 49ers walicharazwa 49-3. Msimu uliofuata, Walsh akiwa bado anamtegemea, Rice alipokea pasi za mabao 22 katika mechi 12 pekee.

Isidhaniwe kwamba Walsh alikuwa mpole kwa kila mtu. Aliwaondoa wakongwe kabla nguvu hazijawaishia, na baadhi yao waliondoka na uchungu. Uvumilivu wake haukutokana na huruma tu. Alitenganisha kosa la anayejifunza na udhaifu wa asiyeweza tena, na kila moja akalipa dawa yake. Mkufunzi anayeyachanganya mawili hayo huwafukuza vijana ambao wangemfaa kesho.

Januari 22, 1989, mjini Miami, 49ers waliwashinda Bengals tena, 20-16. Rice alidaka pasi 11 za yadi 215 na kutuzwa mchezaji bora wa fainali. Huo ulikuwa ubingwa wa tatu wa Walsh na mechi yake ya mwisho kuwanoa 49ers. Aling'atuka akiwa amechoka, kwa kuwa kila kichapo kilimnyima usingizi. Mwaka wa 1993 aliingizwa katika Jumba la Watukufu wa kandanda ya Marekani.

Walsh aliaga dunia Julai 30, 2007 kutokana na saratani ya damu, akiwa na umri wa miaka 75. Rice alistaafu akiwa amedaka pasi 1,549, rekodi ambayo haijavunjwa. Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Lakini anayeteleza huhitaji mtu wa kumsimamisha tena uwanjani wakati jukwaa zima linamzomea.