Mikhail Lomonosov: Mwana wa Mvuvi Aliyeifunza Sayansi Kunena kwa Lugha ya Nyumbani

Wahenga walinena kuwa elimu ni bahari. Ni nadra kumpata mja ambaye msemo huu ulimwafiki kwa maana zote mbili kama Mikhail Vasilyevich Lomonosov wa Urusi. Alikulia katika vyombo vya uvuvi, kisha akaingia katika bahari nyingine, ile ya maarifa, akaivua takriban kila aina ya samaki iliyomo: kemia, fizikia, falaki, historia, ushairi, sarufi na usanii wa vioo. Makala haya yanadurusu maisha yake kwa nia ya kuonyesha mambo mawili. Kwanza, kwamba taaluma za chuo kikuu ni nyumba moja, ijapokuwa zimegawika katika vitivo na idara. Pili, kwamba lugha ya wenyeji haipati makao katika nyumba hiyo mpaka wale wanaoisomea wakubali kuvuka kizingiti cha chumba chao na kubisha hodi katika vyumba vingine.

Lomonosov alizaliwa mwezi wa Novemba mwaka wa 1711 katika kijiji kimoja karibu na mji wa Kholmogory, kaskazini kabisa mwa Urusi, mahali ambapo bahari huganda wakati wa baridi. Babake, Vasily, alikuwa mkulima kwa tabaka na mvuvi kwa kazi, mwenye vyombo vyake mwenyewe. Mamake alifariki Mikhail akiwa angali mtoto. Inasemekana kwamba mama wa kambo aliyemlea baadaye hakufurahishwa na mtoto aliyeshinda na vitabu badala ya kazi, hata ikambidi kijana huyo kusomea mahali pa upweke huku baridi ikimtafuna. Vitabu vyenyewe vilikuwa vichache mno. Viwili kati ya hivyo ndivyo vilivyomfungulia mlango: sarufi ya Kislavoni iliyoandikwa na Smotritsky na kitabu cha hesabu cha Magnitsky. Msomaji azingatie jozi hiyo. Tangu mwanzo kabisa, lugha na hesabu vilimjia mkono kwa mkono, wala hakuna aliyemwambia achague kimoja na kukiacha kingine.

Mwezi wa Desemba mwaka wa 1730, akiwa na umri wa miaka 19, aliondoka kwao akafuatana na msafara uliokuwa ukipeleka samaki Moscow, safari ya zaidi ya kilomita 1,000 juu ya theluji. Mwezi wa Januari 1731 alijiunga na chuo kilichoitwa Akademia ya Kislavoni, Kigiriki na Kilatini. Hapo palikuwa na kikwazo: watoto wa wakulima hawakuruhusiwa kuingia. Lomonosov alijitambulisha kuwa mwana wa mtu wa ukoo bora. Ulikuwa uongo, na wasifu wowote wa haki hauna budi kuutaja. Hata hivyo, uongo huo unatufunza jambo kuhusu mlango wenyewe. Mlango ambao mwenye kiu ya elimu hawezi kuupita ila kwa kuficha alikotoka una kasoro, na kasoro hiyo ndiyo iliyomsumbua Lomonosov hadi kaburini.

Maisha yake ya uanafunzi yalikuwa ya dhiki. Posho yake ilikuwa kopeki 3 kwa siku. Nusu kopeki ilinunua mkate, nusu nyingine ikanunua kinywaji cha shayiri kilichochachushwa, na kilichosalia kilitumika kwa karatasi, viatu na mahitaji mengineyo. Alikaa hivyo kwa miaka mitano. Fauka ya njaa, palikuwa na aibu: kwa kuwa hakujua Kilatini, aliketi darasani pamoja na watoto wadogo, nao wakawa wakimnyooshea vidole na kumcheka, jitu zima la miaka 20 lililokuja kufunzwa alfabeti ya wengine. Huko nyumbani nako babake alimsihi arejee, kwa kuwa mali ya familia haikuwa na mrithi mwingine, na wazazi wa mabinti walikuwa tayari kumwoza. Aliyewahi kuishi bwenini akisubiri mkopo uliochelewa, huku akipigiwa simu za nyumbani zenye mahitaji, ataielewa hali hiyo bila mfafanuzi.

Subira huvuta heri. Mwishoni mwa mwaka wa 1735, Akademia ya Sayansi ya St Petersburg iliomba wanafunzi bora kutoka Moscow, naye Lomonosov akawa miongoni mwa 12 walioteuliwa. Mwaka uliofuata, yeye na wenzake wawili, Dmitry Vinogradov na Gustav Raiser, walipelekwa Ujerumani ili hatimaye wahitimu katika kemia na elimu ya madini. Katika Chuo Kikuu cha Marburg walisoma chini ya Christian Wolff, mwanafalsafa na mwanahisabati aliyesifika Ulaya nzima. Wolff hakuwa mwalimu wa somo moja. Alifundisha hisabati, fizikia na falsafa, tena alikuwa ameandika sana kwa Kijerumani wakati ambapo wasomi wengi wa nchi yake waliona Kilatini ndicho pekee kinachofaa kubeba hoja nzito. Lomonosov aliliona jambo hilo kwa macho yake, na halikumtoka akilini.

Hata hivyo, si mihadhara peke yake iliyomshughulisha. Marburg palikuwa na ulevi, ugomvi, mafunzo ya kupigana kwa panga na ya kucheza dansi, na Warusi hao watatu hawakujitenga nayo. Walizama katika madeni, ikawa walipoondoka mwaka wa 1739 Wolff mwenyewe ndiye aliyesimamia ulipaji wake. Baada ya hapo walipelekwa Freiberg kwa mtaalamu wa madini, Johann Henckel. Lomonosov aligombana naye kuhusu pesa za kujikimu na ufundishaji, kisha akaondoka kwa hasira mwaka wa 1740. Alirudi Marburg, akamwoa Elisabeth Zilch, binti wa mama mwenye nyumba aliyokuwa amepanga. Alirejea St Petersburg mwaka wa 1741.

Katika miaka hiyo hiyo ya tanuri na madini ndipo alipofanya kazi iliyobadilisha ushairi wa Kirusi. Mwaka wa 1739, akiwa Freiberg, aliandika utenzi wa kusifu ushindi wa Warusi huko Khotin, akautuma nyumbani pamoja na waraka kuhusu kanuni za utungaji. Washairi wa Kirusi walikuwa wamezoea kuhesabu silabi tu. Lomonosov alidai kwamba Kirusi ni lugha ya mkazo, na kwa hiyo mizani yake sharti itokane na mpangilio wa silabi zenye mkazo na zisizo nao. Hoja hiyo ilikuwa imeanzishwa na Vasily Trediakovsky mwaka wa 1735, lakini Lomonosov aliipanua na kuipa mfano uliowashawishi wasomaji. Mwanafunzi wa arudhi ya Kiswahili atatambua uzito wa suala hilo: je, kanuni za ushairi zitoke katika lugha yenyewe au ziazimwe kutoka kwingine?

Ndani ya Akademia mambo hayakuwa shwari. Nyadhifa nyingi zilikuwa mikononi mwa wageni, hasa Wajerumani, na Lomonosov alikuwa mwepesi wa hasira. Mwaka wa 1743 alishikwa kwa kuwatukana wanachama wa Akademia, akazuiliwa hadi Januari 1744, akalazimika kuomba radhi hadharani. Lakini hakuwa mwenye chuki kwa wageni wote. Mwanafizikia Georg Wilhelm Richmann, mwenye asili ya Kijerumani, alipouawa na radi mwaka wa 1753 akichunguza umeme wa angani, ni Lomonosov aliyeandika kumwombea mjane na watoto wa marehemu riziki, akahofia pia kwamba wasioipenda sayansi wangekitumia kifo hicho kuipiga vita.

Mwaka wa 1745 aliteuliwa kuwa profesa wa kemia. Mwaka wa 1748 ilifunguliwa maabara ya kemia aliyoipigania kwa miaka kadhaa, ya kwanza ya aina yake nchini humo. Mwaka wa 1756 alichoma metali ndani ya vyombo vilivyozibwa, akaona kuwa bila hewa kuingia kutoka nje, uzito haukuongezeka. Mwaka wa 1761, sayari ya Zuhura ilipopita mbele ya jua, aliitazama akiwa nyumbani kwake akahitimisha kuwa ina angahewa. Alianzisha kiwanda cha vioo vya rangi, na kwa vioo hivyo akatengeneza picha kubwa ya vita vya Poltava. Si kila alilodai lilithibitika, na wataalamu wa falaki wangali wanajadili kile hasa alichokiona siku hiyo ya Zuhura.

Kwetu sisi wa Kiswahili, tukio kubwa zaidi ni la mwaka wa 1746. Mwaka huo Lomonosov alichapisha tafsiri yake ya kitabu cha fizikia kilichofuata mafundisho ya Wolff, na akatoa mihadhara ya fizikia kwa umma kwa Kirusi. Katika dibaji ya kitabu hicho alieleza kuwa amelazimika kutafuta majina ya ala, vitendo na vitu vya maumbile, na kwamba majina hayo yangeonekana mageni mwanzoni ila yangezoeleka kwa kutumiwa. Mengine aliyachota katika Kirusi cha kila siku na kuyapa maana ya kitaaluma. Mengine, kama vile ya kipimajoto na kipimahewa, aliyaacha katika umbo la Kigiriki lililokwisha kuenea. Hakuwa mfuasi wa usafi wa lugha uliopita kiasi, wala hakuwa mateka wa ukopaji. Sarufi yake ya Kirusi, aliyoikamilisha mwaka wa 1755 na kuchapishwa 1757, ilifuatwa na insha ya 1758 iliyogawa mitindo ya lugha katika daraja tatu kulingana na namna maneno ya Kislavoni cha kanisani yanavyochanganywa na ya Kirusi.

Mwaka wa 1754 alimwandikia Ivan Shuvalov, mwandani wa Malkia Elizabeth, mapendekezo kuhusu chuo kikuu kitakachojengwa Moscow. Alipendekeza vitivo vitatu: sheria, utabibu na falsafa. Mwezi wa Januari 1755 malkia alitia sahihi amri ya kukianzisha, na siku hiyo, inayoadhimishwa sasa tarehe 25 Januari, ndiyo sikukuu ya wanafunzi nchini Urusi. Pamoja na chuo ziliundwa shule mbili za kuwaandaa wanafunzi, moja ya watoto wa mabwana na nyingine ya watu wa kawaida. Hata hivyo, watumwa wa mashamba hawakukubaliwa bila ya kuachiliwa huru na mabwana zao. Mlango uliomlazimu Lomonosov kudanganya ulikuwa umefunguka, lakini si kwa wote.

Jina la Lomonosov halikutajwa katika amri hiyo, wala yeye hakupata kufundisha hapo. Lakini Nikolay Popovsky, mwanafunzi wake, alifungua mihadhara ya falsafa kwa kutetea Kirusi, akishikilia kuwa hakuna wazo lisiloweza kuelezwa kwa lugha hiyo. Kilatini kilibaki na nguvu kwa miaka mingine zaidi ya 10, na ni kuelekea mwisho wa miaka ya 1760 ambapo mihadhara kwa Kirusi ilishika mizizi. Kufikia hapo Lomonosov alikuwa amefariki, mwezi wa Aprili 1765, akiwa na miaka 53. Miaka yake ya mwisho aliisimamia shule na chuo cha Akademia huko St Petersburg, akipigania wanafunzi maskini wapate chakula, mavazi na posho inayotosha. Alikumbuka kopeki 3. Mwaka wa 1940 Chuo Kikuu cha Moscow kilipewa jina lake, na baadaye, katika taasisi yake inayoshughulikia nchi za Asia na Afrika, Kiswahili nacho kikawa miongoni mwa lugha zinazofundishwa.

Je, maisha haya yanatuhusu vipi? Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi sambamba na Kiingereza, ilhali mihadhara ya sayansi katika vyuo vyetu hutolewa kwa Kiingereza. Aghalabu tunasema kuwa kinachokosekana ni istilahi. Lakini Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilikwisha kuchapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka wa 1990. Maneno yapo, wanaokosekana ni watu wa kuyatamka mbele ya darasa lenye maabara. Istilahi za Lomonosov zilidumu kwa sababu aliyeziunda ndiye aliyewasha tanuri, akapima uzito, kisha akasimama kuyafafanua aliyoyaona.

Mwanafunzi wa Kiswahili anayeulizwa na wenzake lugha itampeleka wapi hana haja ya kujibu kwa ghadhabu. Anaweza kuvuka uwanja, akaingia katika jengo la sayansi, akamsikiliza mwenzake wa kemia akieleza jaribio lake, kisha wakakaa pamoja kutafuta namna ya kulieleza kwa Kiswahili ambacho mvuvi wa Lamu au Kisumu atakielewa. Kazi hiyo haihitaji amri ya malkia.