George de Hevesy, aliyewaonyesha waganga njia ya kufuata dawa ndani ya mwili

Mwanamke akigundulika na kansa ya titi, awe Baraka, Fizi-centre ama Ulaya, munganga hataki kujua ukubwa wa uvimbe peke yake. Anataka kujua pia kama chembe za uvimbe huo zinashika estrojeni, homoni ya kike. Zikiishika, vidonge vya tamoksifeni vina kazi. Zisipoishika, mgonjwa anavimeza bure.

Katika hospitali kubwa za dunia, swali hilo linaweza leo kujibiwa kwa picha. Mgonjwa anadungwa kiasi kidogo mno cha estrojeni yenye alama ya mionzi, na mashine inaonyesha, mwili mzima, ni wapi kansa imeishika. Wazo la kukitia kitu alama na kukifuata kinakokwenda lilianza na George de Hevesy, mwanakemia aliyezaliwa Budapest, Hungaria, tarehe 1 Agosti 1885.

Mtoto wa familia tajiri, alipata udaktari wa sayansi Freiburg, Ujerumani, mwaka wa 1908, na mwaka wa 1911 akafika Manchester, Uingereza, kwa profesa Ernest Rutherford. Huko alipewa kazi ngumu: kutenganisha madini ya risasi, ile inayoitwa plomb, na kitu chenye mionzi kilichojulikana kama radiumu D. Alihangaika karibu miaka miwili, akashindwa kabisa.

Mwingine angeficha aibu hiyo. Hevesy aligeuza swali: kama viwili hivi haviachani, basi chenye mionzi kinaweza kuwa mpelelezi wa kisicho na mionzi. Popote risasi itakapokwenda, alama itaonekana. Mwaka wa 1913, kule Vienna, yeye na Friedrich Paneth walijaribu wazo hilo, nalo likafaulu.

Kuna kisa kinachosimuliwa sana juu yake. Huko Manchester alishuku kwamba mama mwenye nyumba anawarudishia wapangaji mabaki ya nyama ya Jumapili katikati ya wiki. Siku moja akatia mionzi kidogo katika mabaki ya sahani yake. Siku chache baadaye akaja mezani na chombo cha kupimia, na chakula kikajisema chenyewe. Aliyewahi kula sombe iliyopashwa moto mara tatu atamwelewa.

Mwaka wa 1923, akiwa Copenhagen, Denmark, alifuata risasi ndani ya mimea ya maharage. Alirudi Freiburg kama profesa, lakini kwa kuwa alikuwa wa asili ya Kiyahudi, utawala wa Wanazi ulimfanya aondoke mwaka wa 1934. Mwaka uliofuata, tena Copenhagen, aliwapa panya fosforasi yenye mionzi na kuonyesha kwamba hata mifupa ya mnyama mzima inajijenga upya kila siku. Wengi walikuwa wakiiona kama jiwe lisilobadilika.

Fosforasi hiyo ilitengenezwa kwa nguvu ya radiumu, na katika historia ya radiumu Kongo ina sehemu kubwa. Toka mwaka wa 1922 Wabelgiji waliisafisha mjini Olen kutokana na mawe ya Shinkolobwe, Katanga, na kwa miaka mingi radiumu nyingi ya dunia ilitoka huko. Ilitibu wagonjwa wa kansa wa Ulaya. Majina ya Wakongo waliochimba mawe hayo hayakuingia katika vitabu vya sayansi.

Wajerumani walipoingia Copenhagen mwaka wa 1940, Hevesy aliyeyusha kwa asidi medali mbili za dhahabu za Nobel, za Max von Laue na James Franck, ili zisikamatwe. Chupa ilibaki juu ya rafu hadi vita vikaisha, na dhahabu ikatolewa kufua medali upya. Mwenyewe alikimbilia Sweden mwaka wa 1943, mwaka ambao Nobel yake ya kemia inahesabiwa. Miaka hiyo, pamoja na Hans von Euler, alionyesha jinsi miale ya eksirei inavyopunguza utengenezaji wa DNA katika uvimbe wa kansa wa panya.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, Elwood Jensen wa Chicago alitia alama estrojeni yenyewe na kuona ni viungo gani vya panya vinaishika. Hapo ndipo tiba ya kulenga kansa ya titi ilipopata msingi. Hevesy alifariki Freiburg tarehe 5 Julai 1966.

Estrojeni ya kupigia picha iliruhusiwa Marekani mwaka wa 2020. Shida yake ni haraka: kila dakika 110 nusu ya mionzi imekwisha, na barabara ya Baraka hadi Uvira haisubiri hesabu hiyo. Kinu cha nyuklia cha Kinshasa, cha kwanza Afrika, kiliwashwa mwaka wa 1959 na kilitengeneza vitu vya mionzi kwa utafiti na tiba. Kinu kilichofuata kimezimwa toka 2004.

Kwa mama wa Fizi, swali lile lile linajibiwa kwa njia ya zamani zaidi: kipande kidogo cha uvimbe kinakatwa, kinapelekwa maabara, kinatiwa rangi na kutazamwa kwa darubini. Kipande hicho, tofauti na estrojeni ya picha, kikihifadhiwa vizuri kinaweza kuvumilia safari.