Teleki na Mimea Miwili ya Mlimani



Sisi wa Kibirichia tunaijua baridi. Lakini nilipopanda Mlima Kenya na wenzangu kwa njia ya Sirimon, niliona kumbe ile ya kwenye mashamba yetu ya viazi ni mchezo tu! Huko juu tulikuta aina mbili za lobelia, mimea mirefu ya ajabu. Kiongozi wetu akasema mmoja una jina la mtu: Teleki. Nikajiuliza, huyu naye ni nani?

Samuel Teleki alizaliwa mwaka wa 1845 Transylvania, ambayo leo iko Romania. Alikuwa kabaila wa Hungaria, tajiri, mnene na mpenda kuwinda. Mwaka wa 1887 alitoka Pangani na mwenzake Ludwig von Höhnel na mamia ya wapagazi. Aliyewaonyesha njia ni Jumbe Kimemeta, Mswahili aliyefanya biashara ya pembe za ndovu. Haikuwa safari ya amani: walipigana na Wagikuyu, damu ikamwagika. Mwaka huohuo Teleki alipanda mlima wetu kupita mita 4,000, ila kilele hakukifikia. Machi 1888 walifika ziwa kubwa kaskazini, wakaliita Rudolf, kana kwamba wenyeji hawakuwa na jina lao. Tangu 1975 linaitwa Turkana. Teleki alifariki Budapest mwaka wa 1916.

Sasa tulinganishe mimea. Lobelia ya Teleki hukaa kwenye miteremko mikavu yenye mawe. Maua yake yamefunikwa na manyoya marefu, kama mtu aliyejifunga blanketi. Huishi miaka mingi, huchanua mara moja tu, kisha hufa. Mwenzake, Lobelia keniensis, hupenda mahali penye unyevu. Huweka maji kati ya majani yake. Usiku juu huganda barafu, lakini chipukizi lililo chini hubaki salama. Tena huwa na vichwa kadhaa: kimoja kikichanua na kufa, vingine huendelea kuishi.

Hapo nikacheka. Si Teleki naye alikuja mlimani kwa kishindo, kisha akaenda zake? Jina lake limebaki. Kimemeta je? Mimi sijasikia ua lenye jina lake.

Basi wenzangu, tukifunga shule tuwaulize wazee wetu mimea hii huitwaje kwa Kimeru, tuandike humu gazetini. Jina lisipoandikwa, mgeni huja na lake.

Kwa hayo machache, natia nanga.